Watulivu wa Livorno: Bibi Fosca Apitishwa Mlango wa Jikoni

Tulipomwacha Bibi Fosca Tedaldi, Jumapili ile alasiri, alikuwa amesimama kando ya piano katika ukumbi wa Klabu ya Watulivu, pumzi ameshaivuta, kinywa ameshakifungua, na mgeni kutoka Ancona ameinuka safu ya tatu na kusema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani:

"Samahani. Huyu bibi namjua. Nimewahi kulipa kiingilio kumsikia."

Msomaji wa mbali atauliza, kosa liko wapi? Kosa liko hapa. Katika klabu yetu waungwana huimba bure, na ndiyo maana huimba vile wanavyoimba. Wanaolipwa ni watu wengine kabisa. Hao huingia kwa mlango wa jikoni, hupiga muziki, hula kwenye chumba cha pembeni, huondoka. Mwungwana akiharibu wimbo hupigiwa makofi. Wa kulipwa akiupatia huambiwa ndiyo kazi yake. Na Bibi Fosca, mjane mwenye heshima zake, mchumba wa mwenyekiti wetu, alikuwa amekaa mwaka mzima upande wa makofi.

Ukumbi ulinyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu klabu ianzishwe, Watulivu walitulia.

Bibi Fosca alifunga kinywa. Hakuzimia. Wanawake wa safu ya mbele, waliokuwa wameshatoa vichupa vya kumzindulia, walivirudisha mikobani kwa masikitiko.

"Ilikuwa wapi, bwana?" aliuliza.

"Senigallia, wakati wa maonyesho. Jukwaani ulivaa upanga na kilemba."

"Uliridhika?"

Mgeni huyo, Bwana Eleuterio Manfroni, mwuza kamba za meli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkweli, na mkweli asiyeombwa ni hatari kuliko mbaya. Alifikiri kidogo. "Sana," akasema. "Kesho yake nilirudi tena."

"Basi hatudaiani. Kaa, bwana, usije ukachoka miguu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

Macho yote yakahamia kwa Bwana Ippolito Bardalone. Huyu ndiye mwenyekiti wa Watulivu, mfanyabiashara wa marijani, ndevu zake zimepakwa mafuta mpaka zinang'aa, na alasiri hiyo alikuwa ameibana magotini selo yake, lile fidla kubwa lenye sauti ya mtu mzima anayelalamika. Alikuwa ampigie mchumba wake. Watu walingoja aseme neno. Mwanamume yeyote angesema neno.

Bwana Ippolito aliinamisha kichwa. Akakaza uzi mmoja wa selo. Akaugusa kwa kidole, akausikiliza, akaulegeza tena.

"Mapumziko," akauambia ule uzi.

*

Kamati ilikutana chumba cha biliadi. Walikuwa watu watatu: mwenyekiti mwenyewe, Wakili Torello Cini, katibu, ambaye kanuni za klabu alizijua kuliko majina ya wanawe, na Baroni Gualberto Ruspanti, makamu, mpiga filimbi.

"Jambo liko wazi," alisema Wakili. "Aliyewahi kupanda jukwaa la kulipwa hawezi kuketi na wake zetu. Katudanganya."

"Hatukumuuliza," alisema Ippolito.

"Hatukumuuliza kwa kuwa tuliona haya. Yeye alipaswa kuona haya zaidi yetu."

"Mke wangu amemkumbatia huyo," alisema Baroni. "Mbele za watu. Na binti zangu wamejifunza kwake namna ya kushika pepeo. Sasa nitawaambia nini, wazishike vipi? Atolewe."

"Atolewe," aliafiki Wakili. Kisha akakuna kidevu. "Ila kuna Mke wa Gavana."

Hapo wote watatu walikaa.

Mke wa Gavana hakuwa amewahi kukanyaga klabu yetu. Miaka yote alikuwa akiugua kila Jumapili tuliyomwalika. Leo kapona, kaja, kaketi kiti cha mbele, na pale mlangoni alisema bila kuficha kuwa amekuja kumsikia Tedaldi. Tedaldi akitolewa, kipindi cha pili kinabaki na kitu kimoja tu.

"Mimi niko tayari," alisema Baroni, akigusa mfuko wa filimbi yake.

"Tunajua," alisema Wakili kwa huzuni.

Wakili Torello akatembea mpaka dirishani na kurudi, na aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyepata tundu kwenye ukuta wa jirani.

"Hawezi kuimba kama mwungwana," akasema. "Lakini hakuna kinachotukataza kuajiri mwimbaji. Tunaajiri wapiga fidla, tunaajiri mpiga baragumu. Basi bibi atoke kwa lango kubwa, azunguke uchochoroni, aingie kwa mlango wa jikoni. Akiingia kwa huko ni mtu mwingine. Yule wa kwanza tumemfukuza, heshima yetu imebaki. Huyu wa pili tumemwajiri, na Mke wa Gavana anapata wimbo wake."

Baroni alimtazama kwa kicho. Ndipo alipoelewa kwa nini watu husomea sheria.

"Na uchumba je?" aliuliza Baroni. "Mwenyekiti anamwoa yupi, wa kwanza au wa pili?"

Bwana Ippolito aliokota mpira wa biliadi, akauviringisha mezani, ukagonga ukingo, ukamrudia.

"Hilo tulizungumze baada ya kipindi cha pili," akasema. "Nami nitampigia selo, kama tulivyopanga."

*

Wakili alimkuta Bibi Fosca katika sebule ya wanawake, peke yake. Viti vya kulia kwake vilikuwa vitupu, vya kushoto vilikuwa vitupu, utadhani ana ndui. Mabibi wote walikuwa wamejibanza upande wa pili wakila sorbeti, barafu tamu ya limau, iliyoletwa kabla haijaganda, wakimtazama kwa jicho la pembeni, na kufurahia Jumapili yao kuliko Jumapili zote.

Akamweleza uamuzi wa kamati kwa lugha ndefu. Bibi Fosca akaufupisha.

"Kwa hiyo mnanifukuza, halafu mnaniomba."

"Tunakubadilishia cheo tu, bibi."

"Nizunguke uchochoroni na gauni hili?"

"Kuna tope kidogo. Si jingi."

Bibi Fosca alicheka, kicheko cha chini, cha tumboni, ambacho Livorno ilikuwa haijakisikia kwake. "Nimekubali," akasema. "Ila sikiliza, Wakili. Nikiwa bibi wa watu, mtu yeyote mwenye nyuzi alikaa kando yangu akapiga, nami nikatabasamu. Wa kulipwa ana haki moja, huchagua nani wa kumpigia. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Sitaki selo."

Wakili Torello alikuwa ameisikiliza selo hiyo tangu Ippolito achaguliwe. Alijitahidi kuweka uso wa msiba, lakini ulimponyoka.

"Nimwambieje mwenyekiti?"

"Usimwambie kitu. Niitie."

Bwana Ippolito alikuja kwenye kijia kinachoelekea ngazini, pale yanapotundikwa makoti. Alianza kusema kabla hajafika.

"Fosca, nisikilize. Hilo la Senigallia mimi halinisumbui hata kidogo."

"Lilikusumbua ulipokuwa unakaza uzi."

"Uzi ulikuwa umelegea."

"Ippolito."

Akakaa juu ya sanduku la miavuli. Akajifuta paji la uso. "Mimi nilijua," akasema. "Tangu mwanzo. Nilikuwako Senigallia, nilikwenda na marijani zangu. Biashara sikuifanya, kila siku niko opera. Ulipokuja Livorno na nguo zako nyeusi nilikutambua hujamaliza hata kushuka garini. Sikumwambia mtu."

Haya ndiyo maneno aliyoyatunza mwaka mzima kama mtu anayetunza pete mfukoni. Alidhani siku akiyatoa, mwanamke atalia kwa shukrani.

Bibi Fosca hakulia.

"Ulijua," akasema polepole. "Na mimi mwaka mzima nimejifunza kuimba vibaya. Unajua ilivyo kazi? Nakata pumzi katikati ya neno, makusudi. Sauti ya juu naigusa kwa ncha ya kidole kisha naikimbia, ili wake zenu waseme, masikini, kajitahidi. Usiku naota nimeiachia yote, naamka nimejiziba mdomo kwa mkono. Ulikuwa umekaa hapo kando yangu, unasikia, na unajua?"

"Nilidhani wapenda iwe hivyo. Nilitaka kukulinda."

"Hukunilinda. Uliniangalia nikijificha, ukafurahi kwamba siri unayo. Leo palitakiwa maneno machache tu. Ungemwambia yule bwana, najua, kaa chini. Basi. Ungesema hivyo, Ippolito, ningeisikiliza selo yako mpaka nizikwe."

Mwenyekiti alizipapasa ndevu zake. Ungedhani anatafuta namna ya kuomba radhi. Hata mimi nilidhani hivyo nilipohadithiwa.

"Kwani," akauliza, "selo yangu ina nini?"

Katika yote aliyoambiwa, alichookota ni hicho. Bibi Fosca akamtazama kwa huruma, na afadhali angemtazama kwa hasira.

"Haipatani na piano," akasema. "Na piano haijakosea."

Akachukua shali yake, akashuka ngazi za lango kubwa, mgongo umenyooka, mbele ya macho ya mji mzima.

*

Tope halikuwa dogo. Aliingia jikoni pindo la gauni limelowa, akapita katikati ya moshi wa samaki na wapishi walioacha kazi kumshangaa, akavuka chumba cha wapigaji bila kutazama mtu, akatokea ukumbini kwa kijilango kilicho nyuma ya piano. Wakili Torello akasimama na kutangaza kwamba klabu, kwa kuwajali wageni wake, imemwajiri mwimbaji. Alimtaja jina kana kwamba ndiyo kwanza analisikia. Waungwana waliokuwa naye muda mfupi kabla walinyoosha shingo kumwona huyo mgeni ni nani.

Bwana Ippolito alikuwa safu ya mbele, mikono mitupu. Hakuwa amewahi kukaa pale. Hakujua aiweke wapi mikono.

Fosca akaimba.

Mimi ni mtu wa kejeli, mnanijua, na mhariri hunilipa kwa hiyo. Lakini hapa sina kejeli. Sauti ilitoka yote. Haikukata pumzi, haikukimbia, haikuomba radhi. Ilipanda taratibu kama mtu anayerudi nyumbani kwake na kukuta wapangaji wamehamia, na chumba baada ya chumba ikawatoa. Wimbo ulikuwa wa mwanamke anayemuaga mtu bandarini, wimbo ambao binti za Ruspanti huuimba kila Jumapili na kila Jumapili tunamwombea yule mtu aondoke upesi. Safari hii tulitaka abaki. Baroni mwenyewe aliitoa filimbi mfukoni, akaitazama, akairudisha.

Ulipokwisha, hakuna aliyepiga makofi.

Msishangae. Desturi yetu ni kwamba wa kulipwa hapigiwi mpaka mgeni wa heshima aanze. Macho yakamgeukia Mke wa Gavana, ambaye kwa ajili yake kanuni zimepindwa na gauni limeburuzwa topeni.

Mke wa Gavana alikuwa amelala. Kidevu kifuani, kijiko cha sorbeti mkononi, amelala fofofo.

Kimya kikarefuka. Fosca alisimama ndani yake bila kuinamisha kichwa. Kisha, safu ya tatu, Bwana Manfroni wa Ancona akainuka.

"Naam," akasema. "Ndiye." Akaanza kupiga makofi peke yake, mikono yake mikubwa ya kamba.

Kishindo hicho kilimwamsha Mke wa Gavana. Akashtuka, akaona mtu anapiga, akapiga naye. Hapo ndipo Watulivu wote walipokumbuka kwamba wameguswa moyo. Wakainuka kwa pamoja, wakapiga makofi mpaka glavu zikapasuka, na Baronesa Ruspanti akamwambia jirani yake kuwa yeye tangu awali alijua kuna kitu kwa yule bibi.

Bwana Ippolito hakupiga. Alikuwa analia, mdomo wazi, bila leso.

*

Waungwana wakaenda kwenye keki na mvinyo mtamu. Fosca, kwa kuwa alikuwa yule wa pili, akaonyeshwa chumba cha wapigaji.

Alivua glavu. Akaketi benchini katikati ya wapiga fidla, akala samaki wa kukaanga kwa vidole, akaomba mvinyo, akaomba tena. Mmoja alimtania kuhusu tope, naye akamrudishia utani mbaya zaidi wa nyuma ya jukwaa, benchi nzima ikatikisika. Mwaka mzima hakuwa ameshiba. Sasa alikuwa anashiba.

Mpiga baragumu, mzee wa Lucca aitwaye Baldassare Nuti, alikuwa akimtazama tangu aingie.

"Mwanangu," akasema, "hilo jina la Tedaldi ni la kwenu?"

"La mume wangu. Marehemu. Hapa nimewaambia alikuwa karani wa forodha, lakini ninyi sina haja ya kuwaficha. Alikuwa mpiga baragumu kama wewe, mzee. Kipindupindu kilimchukua huko Napoli. Mkuu wa kundi letu alikuja mwenyewe kuniambia, ameshika kofia yake."

"Vanni Tedaldi? Mwenye kovu hapa, chini ya mdomo? Akipanda sauti ya juu hufumba jicho moja?"

Fosca aliweka mkate mezani.

"Ulimjua?"

"Namjua," alisema mzee, bado anatafuna. "Marehemu gani huyo? Jumanne tulipiga pamoja Pisa. Amenenepa. Alikula sahani yangu ya utumbo na ahsante hakusema."

Wapiga fidla waliacha kucheka. Fosca hakusogea. Rangi ilimtoka usoni taratibu, ikaanzia midomoni.

"Sema tena," akasema.

Lakini mzee hakupata nafasi, maana upande wa pili wa ukuta Bwana Ippolito alikuwa amefikia uamuzi wa kwanza wa maisha yake. Aliweka chini kipande chake cha keki. Akapita katikati ya mabibi, akaelekea mlango wa ndani wa jikoni ambao hakuna mwenyekiti aliyewahi kuugusa.

"Mwenyekiti," Wakili alimnong'oneza, "huko hakuna waungwana."

"Na huku wapo?" alijibu Ippolito, akausukuma.

Aliingia. Nyuma yake, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukosa, ukafuata ukumbi mzima na visahani vyake: Baroni, Baronesa, Bwana Manfroni, hata Mke wa Gavana, aliyedhani kipindi cha tatu kimeanza. Walijazana mlangoni. Ippolito alisimama mbele ya benchi, macho mekundu.

"Fosca," akasema, na sauti yake ilisikika mpaka uani. "Nimekaa kimya pasipotakiwa. Nasema sasa, mbele ya watu hawa wote, kwamba nilijua wewe ni nani, na naona fahari. Selo nitaiuza. Nakuomba uolewe nami, hivyo hivyo ulivyo, na arusi ni mwezi ujao kama tulivyosema."

Baronesa akaanza kulia. Wakili akaanza kutafuta kanuni.

"Ippolito," alisema Fosca, "nyamaza kidogo."

"Sinyamazi tena. Na nina jambo la kukufurahisha. Arusi yetu itakuwa na muziki wa kweli, wa wenye kazi yao. Nimeagiza mpiga baragumu wa pili kutoka Pisa. Wanasema kwa sauti za juu hana mwenzake. Nimemwambia aje leo na treni ya alasiri tupange nyimbo. Na ajabu ni kwamba jina lake ni kama lako. Nikasema, huenda ni ndugu wa marehemu. Nikasema, Fosca atafurahi."

Mzee Baldassare aliinamia kikombe chake.

Nje, uchochoroni, mtu alikanyaga tope akatukana kwa lafudhi ya Pisa. Kisha, kama wafanyavyo wapiga baragumu wanapotoka kwenye baridi, akajaribu chombo chake: sauti moja tu, ya juu kabisa, safi kama glasi. Fosca aliijua kabla haijaisha. Aliinuka, akashika ukingo wa meza.

"Jamani," iliuliza sauti ya kule nje, ya mtu mchangamfu, aliyenenepa, "wapigaji huingilia wapi?"

Na mzee Baldassare, ambaye maishani mwake hajawahi kumnyima mtu msaada, akajibu kabla hajatokea wa kumziba mdomo:

"Hapa, Vanni. Sukuma tu, hawajafunga."